Mama Chupa na seramu "iliyokwisha"

Saa moja kasoro asubuhi, mwanamke mfupi mwenye koti jeupe anafungua kabati la joto kwa kiwiko ili asichafue glovu. Sahani zake zimepangwa rafu ya juu. Hazigusi. Anainama kwanza, anachungulia rafu ya chini.

Rafu ya chini si yake.

"Nataka kuona zimelalaje," anasema bila kugeuka. "Za kwangu nazijua."

Ndani ya sahani hizo za plastiki kuna seli za binadamu, ndogo kiasi kwamba bila darubini huoni kitu, zimezama katika maji mekundu ambayo humu ndani wanayaita chakula. Zinaishi kwa joto la mwili wa mtu. Zisipobadilishiwa chakula zinakufa, na haziulizi kama leo ni Jumapili.

Mwanamke huyu ndiye anayezilisha. Ni fundi sanifu wa maabara, mke wa fundi cherehani, mama wa binti mmoja anayesoma sekondari. Wenzake wanamwita Mama Chupa. Jina hilo lilianza alipoajiriwa kuosha vyombo vya maabara, akiwa na cheti cha shule tu. Stashahada aliisoma jioni, mtoto akisinzia kwenye dawati la nyuma. Leo hana tena kazi ya kuosha chupa, lakini jina limebaki, kwa sababu nyingine: hakuna chupa inayotoka katika chumba hiki bila yeye kujua imekwenda wapi.

"Watu wanasema mimi mchoyo," anasema. "Mimi si mchoyo. Mimi natunza."

Anavuta glovu ikae vizuri. "Basi, na uchoyo upo."

Maabara anayofanyia kazi inachunguza jambo linaloitwa epijenetiki. Jina ni gumu kuliko jambo lenyewe. Kila seli mwilini inabeba jeni zilezile, ya jicho na ya ini, lakini seli ya jicho haifanyi kazi ya ini. Kuna jeni zinazotumika na kuna zilizonyamazishwa. Watafiti wanataka kujua nani anazinyamazisha, kwa njia gani, na kwa nini seli ikishanyamazisha jeni, hata seli zinazozaliwa kutoka kwake zinaendelea kukaa kimya.

Mama Chupa analieleza kwa lugha ya nyumbani kwake, ambako vitambaa vimejaa hadi chini ya kitanda. "Gauni lipo kabatini. Halijachanika, halijachujuka. Ila limekunjwa, limebanwa chini ya mablanketi, na juu yake kuna sanduku. Unalo, lakini huvai. Jeni nayo ni hivyo. Haikuharibika. Imekunjwa."

Kwa kuwa huwezi kukaa na mtu miaka ukingoja jeni zake zikunjwe, maabara hii inajitengenezea swichi yake. Wameingiza ndani ya seli jeni inayotoa mwanga wa kijani, ili ikiwa macho uione inang'aa. Kisha wameunda protini ambayo haipo popote duniani, vipande viwili vilivyoungwa. Kipande kimoja kinaishika ile jeni. Cha pili kinaita wakunjaji.

Protini hiyo haishiki mpaka uiongezee dawa: antibayotiki ya kawaida tu, ya kundi linalotibu watu na mifugo. Ukiweka dawa, seli zinazima taa. Ukizisafisha dawa ikatoka, unakaa unaangalia. Zikiwaka tena, zimesahau. Zikibaki gizani, zimekumbuka.

"Kazi yote ni hilo swali," anasema profesa anayeongoza maabara, mwanamke mrefu asiyependa kukaa. "Zimesahau au zimekumbuka? Tukijua kinachozifanya zikumbuke, siku moja tutaweza kunyamazisha jeni inayomuumiza mtu bila kuikata. Lakini siku hiyo si kesho, tafadhali usiandike kesho."

Kwa miaka mingi seli zote zilikuwa mikononi mwa Mama Chupa. Aliyetaka seli aliomba kwake. Profesa mwenyewe alikuwa akigonga mlango.

Halafu akaja Miwani.

Ndilo jina ambalo msichana huyo alipewa wiki ya kwanza, kwa sababu ya miwani yake mikubwa inayopata ukungu kila anapofungua kabati la joto. Ana shahada. Ana mikono miembamba na simu inayopiga picha za kwenye darubini zinazofaa kutundikwa ukutani. Alipewa rafu ya chini.

"Sikulala siku hiyo," Mama Chupa anasema. "Rafu ya chini nilikuwa naweka maji."

Ubaya wa Miwani, kwa maelezo yake, ni kwamba hakuwa na ubaya. Aliingia kila asubuhi na kusema "Shikamoo mama" kwa sauti ya chini, akainamisha kichwa. Alifuta meza akimaliza. Alileta maandazi.

"Mtu akikukosea adabu, unajua pa kumshika. Huyu alikuwa na adabu mpaka inaudhi. Nikisema marahaba, meno yananiuma."

Wageni wakija, profesa akaanza kuwapeleka kwa Miwani, kwa sababu anajua kueleza na ana picha. Mama Chupa alibaki ndani amevaa glovu, akisikia kupitia kioo watu wakishangilia seli alizozilea yeye.

Nyumbani hadithi ikawa moja. Mume wake, mtu wa maneno machache, anasema ilifika mahali akawa anajua habari za Miwani kuliko za ndugu zake. "Mara kakata nywele. Mara kasifiwa. Nikamwambia, mke wangu, huyo binti ningemuoa nisingesikia habari zake kiasi hiki."

Binti yao ana malalamiko yake. "Mama akiongea na seli anaziita 'wangu'. Mimi ananiita 'wewe'. 'Wewe, umekula?' Halafu anakwenda kuwalisha wangu wake Jumapili." Anasema hayo mama yake akiwepo, na mama yake anamjibu, "Wewe, nyamaza," bila kugundua kwa nini sisi tunacheka.

Katika hali hiyo ndipo lilipotokea jambo la seramu.

Chakula cha seli kinatiwa seramu, maji yanayobaki damu ya ndama ikishaganda. Seramu hazilingani. Kila toleo linatoka kwa ng'ombe tofauti, na mafundi wana mapenzi na matoleo kama wapishi wanavyopenda unga fulani. Mama Chupa alilipenda toleo la zamani. Seli zilinenepa nalo, zilikaa vizuri kwenye sahani, hazikuwa na visirani. Zilikuwa zimebaki chupa chache tu profesa alipoagiza toleo jipya.

Siku moja Miwani aliuliza, "Mama, ile seramu ya zamani bado ipo?"

"Imekwisha," akasema Mama Chupa.

Haikuwa imekwisha. Alikuwa amezihamishia chupa hizo nyuma kabisa ya friza, nyuma ya mifuko ya barafu, zimezungushiwa utepe mweupe ulioandikwa USIGUSE. Toleo jipya likawa la Miwani. La zamani likawa lake.

"Nilijiambia nazitunza kwa ajili ya kazi muhimu," anasema. "Na kazi muhimu ilikuwa yangu. Sasa ungetaka nifanyeje?"

Jaribio kubwa lilianza baada ya hapo. Mafundi wote wawili, seli zilezile, dawa ileile, kipimo kilekile. Waziwekee dawa, waziache zizime, waisafishe dawa, wangoje. Profesa alitaka mikono miwili tofauti ili aamini majibu.

Majibu yalikuja tofauti kama mchana na usiku. Seli za Miwani ziliwaka tena karibu zote. Seli za Mama Chupa zilibaki gizani. Walirudia. Ikawa vilevile. Zake zinakumbuka, za mwenzake zinasahau.

Mtu akisikia hayo kwa mara ya kwanza atauliza walichotofautiana ni nini. Profesa aliuliza swali hilo kwenye kikao, mbele ya wote. Chakula kilekile? Ndiyo. Seramu ileile? Miwani akasema ndiyo, kwa kuwa aliamini hivyo. Mama Chupa hakusema kitu.

"Alinyamaza kuliko seli zake," anasema profesa leo, na hatabasamu.

Kwa kuwa tofauti haikuonekana, ikaangukia kwenye mikono. Ikasemwa kwamba Mama Chupa ana mkono mtulivu, anazisafisha seli bila kuzishtua, na kwamba seli zilizoshtuliwa huenda zinaamka. Lilikuwa wazo lenye kuingia akilini. Profesa akaanza kuandika makala ya utafiti kwa majibu ya rafu ya juu. Jina la Mama Chupa lingekuwemo miongoni mwa waandishi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Tena kilikuwa kinafunguliwa chumba kipya cha seli upande wa pili wa korido, na kilihitaji msimamizi. Hakuna aliyeuliza nani.

Miwani akaambiwa kwa upole ajifunze kwa mama.

"Nilikuwa nalia chooni," Miwani anasema. Tunazungumza naye ngazini, nje ya chumba, na anavua miwani ili aifute ingawa haina kitu. "Nilimwonea wivu mpaka nikaanza kuiga anavyoshika pipeti. Anavyosimama. Anaguna kabla ya kufungua chupa, na mimi nikaanza kuguna. Zake zinanyamaza, zangu zinawaka tu, kama zinanicheka."

Wivu wa Mama Chupa ulificha chupa. Wivu wa Miwani ndio uliozipata.

Friza huwa inaganda barafu na lazima iyeyushwe. Zamu hiyo haikuwa ya Miwani, lakini Mama Chupa alikuwa ameitwa shuleni kwa binti yake, na maji yalikuwa yameanza kutiririka sakafuni. Miwani akatoa mifuko yote ya barafu. Nyuma yake akaziona chupa za toleo la zamani, zenye mwandiko anaoujua.

"Nilisimama na barafu mkononi mpaka vidole vikafa ganzi," anasema. "Halafu nikafikiri: kumbe. Si mikono. Ni hii. Hii ndiyo siri yake."

Mtu mwingine angekwenda kwa profesa. Yeye alichukua chupa moja, akaificha mfukoni mwa koti, akazirudisha nyingine zilivyokuwa.

"Sikutaka kumsema. Nilitaka zangu nazo zikumbuke."

Alianza upya na seli changa, ambazo hazijawahi kuonja dawa, zinang'aa kijani zote. Alizilisha seramu ya wizi ili zinenepe kabla hajazitia dawa. Alikuwa anazichungulia mara kwa mara, kama mtu anayengoja maji yachemke. Kabla hajafungua hata kichupa cha dawa, akaona taa zinafifia.

Hazikuzima zote. Zilipungua, kama taa za nyumba wakati jirani anapochomelea vyuma. Lakini hakuna aliyeziwekea dawa.

Anasema alielewa akiwa bado na jicho kwenye darubini. Ndama waliotoa seramu ile walikuwa wametibiwa kwa antibayotiki. Kidogo tu kilibaki damuni, kiasi kisichomdhuru mtu wala seli. Kwa swichi yao kilitosha. Ndiyo sababu profesa aliagiza toleo jipya, lililopimwa na kuthibitishwa kwamba halina dawa hiyo. Alitangaza hivyo kwenye kikao. Miwani naye alisikia, ila mbele ya friza wivu ulimsahaulisha. Mama Chupa alikumbuka kutangazwa kwa toleo jipya. Sababu yake hakuisikiliza, kwa kuwa siku hiyo Miwani alikuwa ameketi karibu na profesa.

Kwa hiyo seli za rafu ya juu hazikukumbuka chochote. Kila alipozisafisha dawa, Mama Chupa alizirudishia kidogo kwa chakula, kwa kuwa chupa zile chache alikuwa akizitumia siku za kungoja tu. Zilibaki gizani kwa sababu hakuna siku hata moja taa yao iliachwa huru kuwaka.

Walichosemezana wanawake hawa wawili asubuhi iliyofuata, wote wawili wanakisimulia kwa namna moja, jambo ambalo si kawaida yao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, nimekuibia chupa."

"Chupa gani?"

"Ile iliyokwisha."

Mama Chupa anasema alivuta stuli akakaa. Jambo la kwanza aliloliwaza halikuwa jema, naye hafichi. Aliwaza kumshitaki kwa wizi.

"Nikamwambia, we mtoto, nani alikuruhusu kufungua friza? Akaniambia, maji yalikuwa yanamwagika. Nikamwambia, ungeyaacha yamwagike. Akaniambia, mama, zinazima bila dawa. Nikasema, zipi zinazima? Akasema, njoo uone."

Alikwenda kuona. Alitazama muda mrefu. Halafu akauliza swali moja, ambalo Miwani analikumbuka kuliko yote: "Umemwambia mtu?"

"Nikasema bado. Akasema, usimwambie. Moyo ukanishuka. Nikajua ndiyo hivyo, anataka tufunike. Kumbe hakumaliza. Akasema, usimwambie, nitasema mwenyewe. Wewe una tabia ya kueleza vitu vizuri mno."

Waliingia ofisini kwa profesa pamoja. Mama Chupa alisema kwamba alidanganya. Miwani alisema kwamba aliiba. Profesa, ambaye kwenye kompyuta yake makala ilikuwa imebakiza kusomwa mara ya mwisho, alikaa kitini. Wafanyakazi wanasema hawakuwa wamewahi kumwona amekaa.

"Niliwauliza kama kuna la tatu," anasema. "Kama mmoja wao amechoma jengo, nilitaka nijue siku hiyohiyo."

Makala iliondolewa. Miezi ya kazi ikaenda na maji. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akitegemea majibu hayo inabidi aanze upya, na bado hamsalimii Mama Chupa. Kiti cha msimamizi wa chumba kipya kimeachwa wazi. Kitolewe kwa nani, profesa hajasema. Anasema atakitoa jaribio likirudiwa na majibu yakieleweka, kwa yule ambaye hatampa sababu ya kufikiria chupa.

Wanarudia sasa. Seramu ni chupa moja, inafunguliwa wote wawili wakiwepo. Tena safari hii protini imeongezwa kipande cha tatu, kinachoweka alama ngumu zaidi kwenye jeni, kwa kuwa yapo matumaini ya kweli kwamba kwa alama hiyo baadhi ya seli zitakaa kimya hata dawa ikitoka. Na profesa ameweka sharti jipya: sahani za huyu zitahesabiwa na yule.

"Nimewapa kazi wanayoiweza," anasema. "Kila mmoja atafute kosa la mwenzake. Walikuwa wakiifanya bure."

Anayedhani wawili hao sasa ni mtu na mwanawe, akae chumbani mwao asubuhi moja. Miwani anamwaga tone la chakula mezani, Mama Chupa anavuta pumzi kwa sauti. Mama Chupa anaandika tarehe vibaya kwenye kifuniko, Miwani anapiga picha. Maandazi yanaletwa bado, ila siku hizi Mama Chupa anakula na kusema yana mafuta mengi.

"Simpendi," anasema. "Namheshimu. Angeweza kunisema nyuma ya mgongo, nikafukuzwa, akakaa yeye. Mimi ningefanya hivyo? Usiniulize."

Miwani anasikia, kwa kuwa ukuta ni wa kioo na chumba ni kidogo. "Mama, ungefanya."

"Nimekwambia usiniulize."

Mshahara wake ni wa fundi, na kodi na ada zikishatoka kinachobaki hakina jina. Cheo cha msimamizi kingebadilisha hilo. Lakini akiulizwa anachokitaka zaidi, hataji cheo kwanza. Anasema kwa wiki zile chache watu walipoamini kwamba seli zinakumbuka kwa sababu ya mikono yake, alitembea koridoni kama mtu mrefu. Sasa anataka kujua kama kuna hata seli moja itakayomfanyia hivyo kwa haki.

Dawa ilisafishwa wiki iliyopita. Wiki ijayo watahesabu. Chumba kipya kikiwa chake, anataka rafu ya seramu iwe mbele, mlango wa kioo, kila mtu aione. Kikiwa cha Miwani, ameshasema ataomba rafu ya juu kwa maandishi.

Anafunga kabati la joto taratibu, kwa viganja viwili, na kusikiliza mpaka mlango umebana.

"Ninachoomba zinyamaze zenyewe," anasema. "Bila chupa yangu. Zangu na zake, zote zikumbuke, kazi isonge mbele."

Anavua glovu, moja, halafu ya pili.

"Zangu zizidi kidogo."